Mkwe Wangu, Fundi wa Ngozi

Mimi si mtu wa kusifia wakwe. Waulize majirani, watakwambia kwamba siku mwanangu alipomleta yule binti nyumbani nilimwangalia kuanzia utosini mpaka visiginoni, nikauliza anafanya kazi gani, nikaambiwa anafuta chunusi kwenye picha. Nikasema, haya. Hiyo "haya" yangu wanaijua. Nimefanya unesi miaka thelathini na mmoja, nimeosha vidonda, nimefumba macho ya marehemu, halafu naletewa mtu anayefuta chunusi za watu ambao wenyewe wakitoka studio bado wanazo.

Leo nayameza maneno yangu, na nayameza bila maji. Kaa nikueleze.

Pale studio walimwita Kifutio. Ilikuwa chumba chembamba chenye pazia la buluu, stuli ya kukalia wateja, na kompyuta moja iliyogeuzwa ukutani ili mteja asione kinachofanyika. Mpiga picha anapiga, Kifutio anasafisha. Miaka kumi na sita hiyo. Mabibi harusi, wahitimu, wazee wa picha za vitambulisho, wote walipita mikononi mwake. Alifuta makovu, akafuta mikunjo, akaondoa weusi wa chini ya macho, akang'arisha mashavu, mtu anatoka pale yuko kama yai lililomenywa. Halafu mteja anamshukuru nani? Mpiga picha. Ndivyo kazi ile ilivyo. Ikiwa nzuri haionekani, ikionekana ujue imeharibika.

Kisha simu zikaanza kufuta chunusi zenyewe. Mtu anajipiga chumbani kwake, anabonyeza, ameshakuwa malaika. Studio ikafungwa, na mkwe wangu akarudi nyumbani na kiti chake cha kazini chenye vigurudumu, ndicho alichoambiwa achukue. Nikajua sasa tutakuwa wawili wa kuangalia dirishani. Kumbe mwenzangu hana hata muda wa dirisha. Alikaa kwenye ile kompyuta ya kona ya sebuleni, akafuata mafunzo ya kutengeneza watu. Si kuchora, kutengeneza. Unamzungusha mtu mbele, unamzungusha nyuma, unamwinua mkono.

Vichwa vyake vya kwanza, Mungu anisamehe, vilikuwa vichekesho. Mwanangu, ambaye ni fundi umeme na hana breki mdomoni, alipita nyuma yake akauliza, "Mke wangu, huyu sanamu wa duka la nguo amekukosea nini?" Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka wala hakununa. Alianza kututazama.

Aisee, kutazamwa kule kulinichosha. Unakula, mtu amekukodolea paji la uso. Siku moja nimekaa karibu na mlango jua likinipiga kutoka nyuma, nikaona macho hayabanduki kwangu. Nikamwuliza, "Wewe, nina nini?"

"Samahani, Mama. Natazama mwanga unavyopita kwenye sikio lako."

Nimekula chumvi nyingi, lakini hilo sijawahi kuambiwa na mtu yeyote, hata baba yao enzi zile anapenda kusema mambo. Nikamwambia anieleze anachotafuta, maana mimi mtu wa kuelezwa. Ndipo akanifundisha, mimi niliyeosha ngozi za watu miaka thelathini na mmoja, kwamba ngozi si rangi. Ngozi ni matabaka. Kuna rangi yenyewe, ambayo hailingani hata mahali pawili: kiwiko cheusi kuliko mkono, kiganja si mgongo wa kiganja, na ukifuata ukingo wa unyayo utaona mstari ambapo weusi unakutana na weupe bila kugombana. Juu ya rangi kuna vitundu vya vinyweleo na mikunjo midogo, kama shuka lililokaliwa. Juu yake kuna mng'ao, na mng'ao wa pua si mng'ao wa goti. Na chini ya yote kuna mwanga unaoingia ndani kidogo, ukagusa damu, ukatoka tena. "Ukikosa hilo la mwisho, Mama, unapata plastiki." Nikatazama mkono wangu mwenyewe kama nimeuazima.

Mwaka ulipoisha, vichwa vyake vilikuwa vinanitisha. Unageuka, unadhani tuna mgeni.

Kulikuwa na vijana wanne wenye karakana ya kutengeneza watu wa kompyuta, chumba kimoja juu ya duka la vioo. Wao walijua mifupa na mwendo. Watu wao walitembea vizuri, wakainama, wakacheka, ila ukiwasogelea unaona wamevaa mfuko wa nailoni. Walipoona vichwa vya mkwe wangu wakamchukua wiki hiyohiyo. Mwanangu kwa kujivuna akatangaza mtaa mzima kwamba mkewe sasa ni fundi wa ngozi, na jirani mmoja akaleta mkoba uliokatika mkanda. Tulimshonea.

Sasa sikiliza kazi iliyotupandisha presha nyumba nzima.

Chuo cha manesi kilikuwa na mgonjwa wa kompyuta wa kufundishia, aliyenunuliwa mbali. Mgonjwa huyo alitengenezwa mweupe, kisha akapakwa rangi ya kahawia juu kama mlango. Akiwa na upele, upele ni mwekundu kama nyanya. Akiwa na homa, mashavu yanaiva. Mkufunzi wao, mwanamke mmoja mkavu asiye na mchezo, alichoka. Wanafunzi wanafaulu darasani, wanaingia wodini hawaoni kitu, kwa sababu wagonjwa wetu hawaivi mashavu. Akaja kwenye karakana na ombi moja. Alitaka bibi mzee aliyelazwa, mwenye kidonda cha kulalia ubavu mmoja siku nyingi, kwenye nyonga, lakini kile cha mwanzo kabisa, ngozi haijafunguka bado, maana hapo ndipo unaweza kumwokoa mtu. Wanafunzi wasiambiwe kitu. Wakikiona wenyewe, chuo kinamchukua bibi. Wasipokiona, chuo kinabaki na yule wa kupakwa rangi, na hakuna kurudi tena.

Mkwe wangu alirudi siku hiyo, akaweka mkoba chini, akapiga goti mbele yangu kama anakuja kuposa. "Mama, naomba ngozi yako."

Nikamwambia wengine huomba vyombo.

Tulifanyia chumbani kwangu. Alitundika shuka jeupe dirishani, akaweka taa mbili, na mbele ya kamera akavisha kioo kinachoua mng'ao, apate rangi tupu. Kisha anakitoa anapiga tena, apate mng'ao. Alianza mabega, akashuka mgongo, nyonga, viwiko, visigino, kila mahali na rula ndogo pembeni. Picha zaidi ya mia nne. Nesi hajazoea kuwa upande wa kulazwa, kwa hiyo nililalamika mwanzo mpaka mwisho, kwamba mkono wake wa baridi, kwamba ananigeuza kama gunia, kwamba mimi wagonjwa wangu nilikuwa nawaambia kwanza kabla ya kuwagusa. Toka hapo akawa ananiambia. "Mama, sasa nagusa mgongo." Vizuri.

Mwezi mzima alimjenga yule bibi. Siku ya kumpeleka kwa majaribio, mkufunzi aliita wenzake watatu wamtazame. Walimzungusha, wakamsogelea, wakamsifia. Hakuna aliyeona kidonda. Mkufunzi akavua miwani akauliza, "Huyu bibi ni mgonjwa au anakwenda harusini?" Akampa wiki mbili, na kwa sauti ya mtu ambaye ameshakata tamaa.

Mkwe wangu alirudi akakaa kwenye kiti cha jikoni, ameshika tama. Nikamwambia hebu niletee huyo bibi nimwone. Akafungua. Ilikuwa ngozi yangu, nikaitambua mara moja, mwili ukanisisimka. Lakini kitu hakikukaa sawa. Nikavaa miwani. Nikamwambia geuza mgongo.

"Kovu langu la pasi liko wapi?"

"Kovu gani, Mama?"

"La bega la kushoto. Nilichomwa na pasi ya mkaa nina miaka saba. Na doa langu la shingoni liko wapi? Na michirizi ya uzazi? Nimezaa watoto watano mimi, huyu amezaa nani?"

Akafungua zile picha za mwanzo, na kovu lilikuwepo, limekaa mahali pake. Akarudi kwa bibi, halipo. Alikuwa amelifuta. Alikuwa amefuta yote, na hakumbuki kufuta hata moja. Miaka kumi na sita mkono ule ulifundishwa kwamba kilichojitokeza kinaondolewa, ukawa unaondoa wenyewe wakati kichwa kinawaza mengine. Kidonda alikichora, tena vizuri. Kisha kila alipopita hapo akasawazisha kidogo, akalainisha ukingo kidogo, mpaka kikaisha. Mazoea yana taabu.

"Mama," akasema, "mkono wangu ni mwizi."

Mwanangu akadakia, kwa huruma zake za kijinga, kwamba basi ampe kijana mwingine amalizie, yeye apumzike. Nilimkemea ambavyo sijamkemea tangu avunje dirisha la shule. Mtu amejifunza jambo zima peke yake kwenye kona ya sebule, halafu umwambie apumzike? Nikamtuma dukani, hata sikumbuki nilimtuma nini.

Tulipobaki wawili nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nikamweleza habari ya kitanda cha tisa.

Nilikuwa nesi mgeni, miaka ishirini na minne, nimefaulu vizuri na ninajiona. Kitanda cha tisa palikuwa na bibi aliyevunjika paja, analalia ubavu mmoja kwa sababu ule mwingine unauma. Kitabu chetu kilisema tafuta wekundu, na kilikuwa na picha, wekundu mzuri kwenye ngozi nyeupe. Kila zamu nilimfunua yule bibi, nikatafuta wekundu, sikuuona, nikaandika kwenye faili: ngozi salama. Siku tatu niliandika ngozi salama. Siku ya nne ikafunguka, na ndani palikuwa pameshaoza. Aliingia kwetu na mguu uliovunjika tu, akatoka amefunikwa shuka. Hakuna aliyenigombeza, kwa sababu wote tulisoma kitabu kilekile. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu amekufa hajui.

Nilidhani mkwe wangu ataniambia pole. Hakuniambia. Aliuliza, "Palikuwa na rangi gani, Mama?"

Kwanza nilikasirika. Halafu nikagundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nangoja mtu aniulize hilo hasa, kwa sababu nilikuwa naijua ile rangi. Niliiona siku zote tatu, sikujua tu kwamba ndiyo. Nikamwambia: zambarau, lakini zambarau ya ndani, kama ganda la biringanya lililo chini ya kivuli. Ukubwa wa kitako cha kiganja. Haina mpaka, unaona tu kwamba hapa giza limezidi. Na ngozi ya juu yake imekaza, mikunjo imepotea, ina mng'ao ambao upande wa pili hauna. Ukigusa ni pa moto.

Akavuta kiti chake cha vigurudumu akaanza.

Mkono mwizi tuliuwekea ulinzi. Kwanza alimwomba kijana wa karakana amzimie ile brashi ya kusafishia, isifunguke hata akiibonyeza. Pili, mimi nikaleta utaratibu wa wodini. Zamu zinapopokezana, nesi anayetoka anamsomea anayeingia mwili mzima wa mgonjwa, alama kwa alama, na anayeingia anaiona kwa macho ndipo anaipokea. Basi kila asubuhi, kabla hajagusa kazi, nilikaa pembeni na karatasi yangu tukafanya makabidhiano.

"Shingo, doa moja."

"Lipo."

"Bega la kushoto, kovu la pasi."

"Lipo."

"Kiwiko cha kulia, sugu."

"Imepungua, Mama."

"Irudishe."

Na jioni akimaliza tunasoma tena kutoka mwanzo. Siku za mwanzo alikuwa amepoteza vitu vitano, sita, kwa ujanja tu, hata bila brashi, anavipunguza nguvu. Akajikasirikia. Nikamwambia hata mimi ilinichukua muda kuacha kutafuta wekundu. Siku ya nane alipoteza kimoja. Siku ya kumi nilisoma orodha nzima kuanzia utosini mpaka ukucha wa mwisho, akajibu "lipo" na "ipo" mpaka tukamaliza, na tulipofika nyonga hakungoja nisome. Alinionyesha mwenyewe. Mimi, niliyekula kiapo cha kutolia mbele ya wakwe, ilibidi niende kuchungulia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Siku ya mtihani nilivaa sare yangu ya zamani? Hapana, hainitoshi. Nilivaa gauni la kawaida, nikakaa naye viti vya nyuma kabisa. Lilikuwa darasa la kawaida, feni moja inafanya kazi na moja inatazama. Ukutani bibi alionekana mkubwa kama mlango, amelala ubavu, macho yamefumba nusu. Wanafunzi kumi na wawili walisimama mbele na kipanya kimoja cha kumgeuzia, na kingine cha kusogeza taa. Mkufunzi alisema maneno manne, "Huyu ni mgonjwa wenu," akaenda kukaa na karatasi yake.

Walianza vizuri. Walimfunua kope la chini kuangalia damu, wakaangalia kucha, viganja, ufizi. Wakamsifia bibi kwamba hana manjano. Mmoja akafika nyonga, akapita. Mwingine akafika nyonga, akasimama, moyo wangu ukasimama naye, akapita. Kijana mmoja akageuka kwa mkufunzi akasema, "Naona yuko salama tu." Neno hilohilo. Nilitamani sakafu inimeze.

Mkufunzi hakuinua macho. "Mmemaliza?"

"Bado," akasema msichana mmoja mrefu, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya wenzake. Alichukua kipanya cha taa, akaishusha taa mpaka ikawa inamulika kwa ubavu. Akaenda polepole kutoka mgongoni kushuka. Alipofika nyonga akatulia. Akamgeuza bibi, akatazama nyonga ya pili. Akamrudisha.

"Hapa pana giza kuliko kule," akasema. "Na ngozi imekaza. Tazameni, kule kuna mikunjo, hapa hakuna."

Wakasogea wote. Mmoja akasema kweli. Mwingine akasema jamani, mimi nilipita hapa. Waliinamia ukuta ule kama kuna mtu amelala pale, na mmoja akanyoosha mkono kabisa kutaka kupima joto, vidole vikagonga ukuta, wala hakuna aliyecheka.

Yule mrefu alikuwa amekunja uso. Aligeuka kwa mkufunzi, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya darasani. "Huyu bibi ameachwa ubavu mmoja siku nyingi. Nani alikuwa zamu?"

Mkufunzi akafungua mdomo, nadhani alitaka kumkumbusha kwamba ni kompyuta. Mimi nikawa nimeshasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa zamu siku tatu, nikamfunua, nikatazama, nikaandika ngozi salama. Sikuwa na macho ya kuiona. Huyu hapa ndiye aliyewatengenezea ninyi. Ni mkwe wangu."

Wote waligeuka wakamtazama Kifutio, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kugeuka kumtazama, na yeye akawatazama bila kuinamisha kichwa.

Yule mrefu alinitazama mimi kwa muda. Hakunihurumia, na nilimpenda kwa hilo. "Basi tumgeuze, Mama," akasema, akashika kipanya, akamgeuza.